Umepata 72 kwenye mtihani wa nadharia wa urubani: la kufanya tangu leo hadi siku ya kukaa mbele ya mtahini

Karatasi ya matokeo imetoka kwenye printa ya kituo cha mtihani na macho yako yameganda kwenye namba moja. Labda ni 72, umefaulu kwa kuponea chupuchupu. Labda ni 65, umekosa. Hali zote mbili nimezikuta kwa wanafunzi niliowafundisha nadharia, na mimi mwenyewe nilipitia ya kwanza. Kinachoniuma ni kuona jinsi watu wanavyoikunja karatasi ile na kuitia mfukoni kwa aibu, wasiisome tena hadi siku ya mtihani wa vitendo. Ni karatasi yenye habari ambayo hakuna mkufunzi angeweza kukupa bure: inakuonyesha ni wapi hasa ujuzi wako umetoboka.

Nafuata utaratibu wa Marekani, chini ya FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya nchi hiyo, kwa sababu huko alama ya nadharia haiishii kwenye chumba cha mtihani. Inakufuata hadi mezani kwa mtahini wa vitendo. Wanaosoma chini ya kanuni za Ulaya nimewawekea sehemu yao.

Namba yenyewe inasema nini

Mtihani wa nadharia wa leseni ya rubani binafsi wa ndege una maswali 60, kila swali na majibu matatu ya kuchagua. Alama ya kufaulu ni asilimia 70, yaani maswali 42. Mwenye 72 amepata 43 na kukosa 17.

Sasa fanya hesabu nyingine, ambayo wengi hawaifanyi. Chukua mwanafunzi anayejua kwa hakika maswali 33 tu. Yale 27 yaliyobaki anabahatisha. Kwa kuwa majibu ni matatu, bahati ya kawaida itampa 9. Jumla 42, amefaulu. Karatasi inaonyesha 70, lakini anachokijua kweli ni asilimia 55. Ndiyo maana namwambia kila aliyefaulu kwa chini ya 80 kwamba orodha ya makosa aliyopewa haijakamilika. Yale aliyobahatisha akapatia hayamo, na ujinga uliofichwa na bahati ndio atakaokutana nao mbele ya mtahini, ambako hakuna A, B wala C.

Kwa upande mwingine, 72 haisemi kwamba huwezi kuruka. Nimewahi kufundisha watu wenye mikono mizuri mno kwenye usukani waliopata alama za chini kwa sababu walifanya mtihani wiki moja baada ya kumaliza kusoma kwa pupa. Leseni utakayopewa haiandikwi alama ya nadharia popote.

Siku ile ile, kabla ya kulala

Tafuta daftari. Andika mada zote ulizosita, hata zile unazodhani ulipatia. Usiandike maswali yenyewe neno kwa neno wala kuyasambaza. Kanuni za FAA zinakataza kunakili au kutoa maswali ya mtihani, na adhabu yake ni kubwa kuliko faida. Andika kwa namna hii: "nilisita kwenye alama za ramani za maeneo ya anga", "jedwali la umbali wa kuruka, sikuwa na hakika nianzie mstari upi", "swali la uzito, nilibahatisha". Baada ya siku mbili kumbukumbu hizi zitakuwa zimefifia, na ndizo pekee zitakazokuonyesha yale uliyopatia kwa bahati.

Andika pia hali yako ulivyokuwa: ulilala saa ngapi, muda ulikutosha au uliishia kukimbizana nao, uliyabadilisha majibu mangapi mwishoni.

Kisha mpigie mkufunzi wako, usimtumie ujumbe wa maandishi. Mwambie alama bila kuizungushia maelezo. Mkufunzi anayesikia habari siku hiyo hiyo anaweza kupanga masomo yajayo upya; anayegundua mwezi mmoja baadaye anajua pia kwamba ulimficha, na hilo ndilo litakalomsumbua zaidi ya alama. Rubani anayeficha alama leo, kesho ataficha kwamba aligusa taa ya njia ya kurukia kwa ncha ya bawa.

Usiweke tarehe ya kurudia mtihani usiku huo. Ile hamu ya kufuta namba haraka ndiyo inayowarudisha watu na namba ya pili inayofanana na ya kwanza.

Kusoma misimbo ya makosa

Chini ya alama kuna mstari wa misimbo kama PA.I.C.K2. Inatisha kwa macho, lakini mpangilio wake ni rahisi. PA ni leseni ya rubani binafsi wa ndege. Namba ya Kirumi ni eneo kuu. I ni maandalizi kabla ya kuruka. Herufi inayofuata ni kazi ndani ya eneo hilo. K ni maarifa, R ni kupima na kudhibiti hatari, S ni ustadi. Namba ya mwisho inataja kipengele chenyewe. Yote yanapatikana kwenye waraka wa viwango wa FAA uitwao ACS, unaopakuliwa bure, na ndio huohuo mtahini atakaoutumia kukupima.

Ndani ya eneo I, A ni sifa na wajibu wa rubani, B ni masharti ya ndege kufaa kuruka, C hali ya hewa, D kupanga safari ndefu, E mgawanyo wa anga, F uwezo na mipaka ya ndege, G mifumo ya ndege, H ni mwili na akili ya binadamu angani. Makosa ya watu wengi hurundikana kwenye C, E na F.

Jihadhari na jambo moja: msimbo unaweza kutokea mara moja tu hata kama ulikosa maswali mawili au matatu yake. Ukiona misimbo 11 ilhali ulikosa maswali 17, usifikiri karatasi imekosea. Kuna mada ambazo zimekuangusha zaidi ya mara moja, na huwezi kujua ni zipi kwa kuangalia tu. Kwa hiyo kila msimbo uuchukulie kana kwamba ndio huo.

Chukua karatasi tupu, chora safu tatu. Ya kwanza msimbo, ya pili maneno ya ACS kwa Kiswahili chako mwenyewe, ya tatu iache wazi. Kutafsiri kwa maneno yako kunasaidia kuliko inavyoonekana. Ukishindwa kukieleza kipengele kwa lugha unayoiota usiku, bado hujakielewa, umekizoea tu kwa macho. Chini ya misimbo ongeza zile mada za daftari lako ulizozibahatisha.

Kosa lilitokana na nini?

Ile safu ya tatu ndiyo kiini cha kazi yote. Watu hurudi kwenye darasa la nadharia na kusoma kila kitu upya kuanzia ukurasa wa kwanza, kana kwamba makosa yote ni ya aina moja. Siyo. Andika mbele ya kila msimbo sababu unayoiamini.

Kuna yale *usiyowahi kusoma*. Haya ndiyo mepesi. Uliruka sura, sasa irudie. Hayahitaji ushauri zaidi.

Kuna *namba zilizoingiliana*. Ulijua kwamba safari ya mchana kwa kuona nje inahitaji akiba ya mafuta ya dakika 30 na ya usiku dakika 45, lakini siku ile zikabadilishana nafasi. Au masharti ya kukaa mbali na mawingu: futi 500 chini, 1,000 juu, 2,000 pembeni, pamoja na uoni wa maili 3 kwenye anga la daraja E (mojawapo ya madaraja ya anga linaloongozwa) chini ya futi 10,000. Ukizikariri kama namba ya simu zitaponyoka. Zishike kwa sababu zake. Usiku ni vigumu kuona mahali pa kutua kwa dharura na viwanja vyenye huduma ni vichache, kwa hiyo akiba ni kubwa zaidi. Ndege inayotoka winguni inaweza kuwa imeongozwa kwa vifaa na rubani wake hakuoni. Ile nafasi kati yako na wingu ni sekunde mnazopeana za kuonana na kukwepana.

Kuna *makosa ya kusoma swali*. Haya yanawapata zaidi wanaofanya mtihani kwa lugha isiyo ya nyumbani, na mtihani wa FAA ni wa Kiingereza. Neno dogo la kukanusha, la "isipokuwa", la "angalau" au "isiyozidi" linapitwa na jicho lililochoka, na jibu linageuka. Tiba yake ni mazoezi ya namna moja tu: soma sentensi ya mwisho ya swali kwanza, taja kwa moyo kinachoulizwa na kipimo chake, ndipo urudi kwenye maelezo. Joto ni la Selsiasi au Farenhaiti? Umbali ni wa maili za nchi kavu au za baharini? Mwinuko ni kutoka usawa wa bahari au kutoka ardhini? Upepo ni kwa kaskazini halisi au kaskazini ya sumaku? Hilo la mwisho limeangusha wengi. Taarifa za hali ya hewa za maandishi, METAR na TAF, hutaja upepo kwa kaskazini halisi. Upepo unaotajwa na mnara redioni, na namba iliyopakwa kwenye njia ya kurukia, ni kwa kaskazini ya sumaku.

Kuna *makosa ya majedwali na hesabu*. Mara nyingi hesabu yenyewe ni ndogo. Kinachokosekana ni picha ya kitu kinachohesabiwa. Tuchukue mwinuko wa densiti, yaani urefu ambao ndege "inauhisi" kutokana na wepesi wa hewa. Uwanja uko futi 5,000, kipimo cha altimita (kifaa cha kupima mwinuko) ni 29.92, yaani kiwango cha kawaida, joto ni nyuzi 25 za Selsiasi. Joto la kawaida usawa wa bahari ni nyuzi 15, na hushuka takriban nyuzi 2 kwa kila futi 1,000. Kwa futi 5,000 joto la kawaida lingekuwa nyuzi 5. Leo limezidi kwa nyuzi 20. Kila nyuzi moja ya ziada huongeza takriban futi 120, kwa hiyo 20 mara 120 ni futi 2,400. Mwinuko wa densiti ni kama futi 7,400.

Mwanafunzi wa mtihani anaishia hapo na kubonyeza jibu. Wewe endelea. Bawa linapata hewa nyepesi, propela inasukuma hewa nyepesi, injini inavuta hewa nyepesi. Vitatu hivyo vimedhoofika kwa wakati mmoja. Ndege itahitaji njia ndefu zaidi kuinuka na ikishainuka itapanda polepole, huku kipimo cha mwendo mbele yako kikionyesha namba ileile uliyoizoea. Fungua kitabu cha ndege yako na utafute umbali wa kuruka kwa hali hiyo na kwa hali ya usawa wa bahari. Ziandike namba zote mbili kando kwa kando. Ukiona tofauti yake kwa macho yako, hutakosa tena swali la aina hii hata likija limegeuzwa.

Na kuna *yale uliyokariri jibu*. Hapa nakaa kidogo, kwa sababu ndiyo aina ninayoichukia na ndiyo ninayoikuta zaidi. Programu za mazoezi zina mamia ya maswali, na baada ya kuyarudia mara ya nne ubongo unatambua sura ya swali, si maana yake. Unapata 94 nyumbani na 71 kwenye kituo.

Mfano wa hatari yake ni barafu kwenye kabureta. Aliyekariri anajua dalili: kwenye ndege yenye propela isiyobadilika pembe, mizunguko ya injini hupungua. Anajua pia tiba: vuta joto la kabureta. Jibu sahihi, alama moja. Sasa mpandishe ndegeni. Anavuta joto, mizunguko inashuka zaidi na injini inaanza kukohoa. Anashtuka, anadhani ameharibu, anarudisha joto. Kumbe alichotakiwa ni kuvumilia. Hewa ya moto ni nyepesi, ndiyo maana nguvu inapungua kwanza. Barafu inayoyeyuka inapita kwenye injini kama maji, ndiyo maana inakohoa. Kisha mizunguko inapanda. Anayeelewa kwamba petroli inapogeuka mvuke hupooza hewa, na kwamba hewa inapopita penye kiuno chembamba cha kabureta hupoa zaidi, hashangai kuona barafu siku ya nyuzi 20 yenye unyevu mwingi.

Dawa ya kukariri ni kuziba majibu. Soma swali, funika chaguo zote, sema jibu kwa sauti pamoja na sababu, ndipo ufunue. Kisha eleza kwa nini yale majibu mawili mengine si sahihi. Inachosha. Maswali 15 kwa njia hii yana faida kuliko 100 ya kubonyeza.

Ukurasa mmoja kwa kila msimbo

Ukishajua sababu, tengeneza faili. Kila msimbo na kila mada uliyobahatisha ipate ukurasa wake wenye mambo haya: kanuni au ukweli wenyewe kwa sentensi moja au mbili, kwa nini uko hivyo, unaonekanaje kwenye ndege ninayoruka mimi, na mahali pa kuuthibitisha, kitabu na ukurasa. Usiuandike kwa kunakili. Soma, funga kitabu, andika kwa kumbukumbu, fungua, sahihisha kwa kalamu nyekundu. Ile nyekundu ndiyo somo.

Rudia kurasa hizo kwa kuachanisha siku: kesho yake, baada ya siku tatu, baada ya wiki. Usirundike saa sita Jumamosi moja. Dakika 40 kila siku kwa wiki tatu zinatosha kabisa kwa mtu mwenye misimbo 10 hadi 15.

Na usiache kuruka kipindi hiki. Najua wanafunzi wanaojiadhibu kwa kujifungia na vitabu. Matokeo yake mikono inapoa na nadharia inabaki kuelea hewani. Badala yake, kila safari ya mazoezi ipe msimbo mmoja. Leo ni F: hesabu umbali wa kuruka kabla ya kutoka, kisha angalia ndege imeinuka usawa wa alama gani ya njia. Kesho ni E: katika kila dakika tano sema uko kwenye anga la daraja gani na unadaiwa nini hapo.

Kikao na mkufunzi

Katika utaratibu wa Marekani kikao hiki ni sharti. Kanuni ya 61.39 inataka mkufunzi aweke saini kwamba umeonyesha kuelewa vya kutosha maeneo uliyokosa kwenye nadharia, kabla hujaenda kwenye mtihani wa vitendo. Kuna wakufunzi wanaosaini baada ya dakika tano za mazungumzo. Usiifurahie saini ya namna hiyo. Omba saa mbili kamili na uende na karatasi ya matokeo, faili lako, kitabu cha ndege na ramani.

Mwombe akuulize kwa mkasa, si kwa swali la kitabu. Asikuulize "mwinuko wa densiti ni nini", bali akuambie una abiria wawili, tangi limejaa, ni saa nane mchana na uwanja uko juu, je, mnaondoka? Ukishindwa, asikupe jibu papo hapo. Akuonyeshe pa kulitafuta na akurudie kabla kikao hakijaisha.

Kurudia mtihani au kuacha

Kama *hukufikisha 70*, unahitaji mafunzo ya ziada na saini ya mkufunzi kwamba sasa uko tayari. Hiyo ni kanuni ya 61.49. Nenda nayo pamoja na karatasi ya matokeo ya kwanza. Ukishapata saini hakuna muda maalumu wa kusubiri, na huo ndio mtego, kwa sababu mtu anaweza kurudi baada ya siku tatu akiwa yuleyule. Kipimo changu ni mitihani mitatu ya majaribio mfululizo, kwa maswali ambayo hujawahi kuyaona, yote isipungue 85. Programu ya mazoezi ikishakuzoesha, tafuta nyingine.

Kama *umefaulu kwa alama ndogo*, unaruhusiwa kurudia ili upandishe, lakini baada ya siku 30, na matokeo mapya ndiyo yatakayohesabika hata yakiwa mabaya kuliko ya kwanza. Ushauri wangu kwa wengi ni kuacha. Mwezi huo na ada hiyo vitumike kwenye maandalizi ya maswali ya mdomo, kwa kuwa ndiko upungufu utakakodaiwa. Naona sababu ya kurudia pale tu ambapo kuna ufadhili au nafasi ya masomo inayotaja alama ya chini inayokubalika, au pale unapokiri moyoni kwamba zaidi ya theluthi ya majibu yako yalikuwa ya kubahatisha. Huyo wa pili anahitaji kusoma upya kwa vyovyote vile.

Usikawie pia upande wa pili. Matokeo ya nadharia ya rubani binafsi yanadumu miezi 24 ya kalenda. Muda ukipita kabla ya mtihani wa vitendo unaanza upya.

Kwa wanaosoma chini ya EASA, shirika la usalama wa anga la Ulaya, picha ni tofauti. Rubani binafsi hufanya masomo tisa yanayotahiniwa kila moja peke yake, alama ya kufaulu ni 75, na yote yamalizike ndani ya miezi 18 kuanzia mwisho wa mwezi uliofanya jaribio la kwanza. Somo moja likikushinda mara nne, unarudia yote tisa. Kwa hiyo alama ya 68 kwenye somo moja inakutaka usimamishe ratiba ya masomo mengine kwa muda na ulitulize hilo kwanza. Usiliache likae hadi mwisho kwa woga. Miezi 18 huisha ghafla.

Siku ya kurudia

Lala. Fika mapema na kikokotoo unachokifahamu. Usinunue kipya jana yake. Pita maswali unayoyajua kwanza na uyawekee alama yale ya majedwali uyarudie mwishoni, kompyuta inaruhusu. Kwenye majedwali ya kuchora mistari tumia ukingo ulionyooka wa karatasi, usitegemee jicho. Jibu ulilolitoa kwa sababu usilibadilishe ila umepata sababu nyingine yenye nguvu zaidi. Wasiwasi peke yake si sababu.

Mbele ya mtahini

Mtahini ataiona alama na misimbo, na atauliza kutoka humo. Ni wajibu wake. Alama ndogo huufanya mtihani wa mdomo uwe mrefu, na hilo ulijue mapema usije ukadhani anakuonea. Usianze kwa kuomba radhi wala kusimulia jinsi ulivyoumwa siku ile. Akiuliza kuhusu alama, jibu fupi linatosha: "Nilikosa maswali 17, mengi ya hali ya hewa na uwezo wa ndege. Nimeyapitia yote na mkufunzi, na haya hapa maandishi yangu."

Kisha mpe nafasi ya kuona. Chukua mfano huu.

"Hali ya hewa ilikusumbua," mtahini anasema. "Basi niambie, kwa nini uliamua tunaweza kuruka leo?"

"Utabiri wa TAF unatoa upepo wa digrii 240 kwa noti 14 (maili za baharini kwa saa), dharuba hadi 22. Hiyo ni kaskazini halisi. Tofauti ya sumaku hapa ni 10 mashariki, kwa hiyo kwa sumaku ni 230. Tunatumia njia ya 21, yaani digrii 210, pembe ni digrii 20. Kwenye dharuba upepo wa ubavuni unafika noti 7 hadi 8. Kikomo changu binafsi ni 10, na ndege inaweza zaidi ya hapo. Upepo ukigeuka hadi 260 kwa sumaku, ubavuni utakaribia 17, na hapo nitakuwa nimeshatua au nitakwenda uwanja wa akiba wenye njia inayoelekea upepo."

Hakuna swali la kuchagua lililowahi kumwonyesha mtahini kiasi hicho cha uelewa. Jibu lile limebeba C, F na kupima hatari kwa pamoja, kutoka kwa mtu aliyekosa yote matatu miezi miwili iliyopita.

Ukiulizwa usichokijua, sema hujui na uonyeshe pa kukitafuta, kisha kitafute palepale na umsomee. Inakubalika kwa mambo ya kutafuta, kama masharti ya nadra ya kanuni. Haikubaliki kwa yale yasiyosubiri kurasa kufunguliwa angani: mwendo wa kuelea injini ikizima, mwendo ambao ndege hupoteza nguvu ya kuinuka, hatua za kwanza za moto. Hayo yawe kichwani kabla hujafika.

Na ikitokea umeshindwa kwenye eneo moja, mtahini atakuandikia ni lipi. Yale uliyofaulu anaweza kuyahesabu ukirudi ndani ya siku 60, kwa hiyo kabla hujaondoka uwanjani kaa na mkufunzi wako, fungueni lile faili kwenye ukurasa wa eneo hilo, na muweke tarehe.